Gari Linapopiga Mwano

Kijana aliyenipa lifti kutoka Geita mjini kwenda Nkome alikuwa na gari dogo la Kijapani, jeupe, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili kabla yake. Tulifika mwaloni saa kumi jioni. Kina mama walikuwa wanakunja turubai za dagaa waliokauka, vijana wanapanga taa ndani ya mitumbwi kwa ajili ya usiku, na mtu wake wa sangara alikuwa hajafika. Tukabaki garini kumsubiri. Ndipo nilipoinua macho nikakiona: kitufe chekundu darini, karibu na taa ya ndani, kimefunikwa kwa kifuniko cha plastiki inayong'aa, na pembeni yake kuna mchoro wa mkono wa simu na maandishi ya Kijapani.

"Hiki cha nini, kaka?"

"Hicho hakina kazi, mzee. Nimeshakibonyeza mara nyingi tu. Nilidhani ni cha kufungulia paa."

Kitufe kile kilikuwa na kazi, tena kubwa. Kiliwekwa ili siku dereva akipata ajali na kubanwa na usukani, awe na njia ya kuita msaada kwa kunyoosha kidole kimoja. Na akiwa hawezi kunyoosha hata hicho kidole, gari lenyewe liite kwa niaba yake. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia safari ya kitufe hicho, na kila nilipoifuatilia ilinirudisha hukuhuku kwetu, kwenye kitu ambacho wazee wa ukanda huu walikuwa nacho kabla gari la kwanza halijafika.

Kwa Kisukuma ukelele wa kuomba msaada unaitwa mwano. Anayevamiwa, anayeibiwa ng'ombe, anayeunguliwa na nyumba, hupiga mwano. Jirani akiusikia hasubiri kuambiwa kisa. Anaupokea kwa sauti yake, anautuma mbele, kisha anatoka mbio kuelekea ulikotokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bunduki zilizagaa na wizi wa mifugo ukashamiri. Wanavijiji wa mpakani mwa Kahama na Nzega wakaunda jeshi lao la jadi, Sungusungu, na mwano ukapewa nidhamu mpya. Kila mwanaume alitakiwa awe na upinde, mishale na filimbi. Sauti ikitoka kijiji kimoja, kijiji cha pili kinaidaka na kuipeleka cha tatu, na wezi hujikuta wamezingirwa kabla hawajafika mbali. Aliyesikia akalala alitozwa faini. Sungusungu walikuwa na maovu yao mazito, na wako waliouawa kwa tuhuma tupu, hasa vikongwe waliosingiziwa uchawi, hilo halifichiki. Serikali ilikuja kuwatambua kisheria mwaka 1989. Ninachokitaka kwao hapa ni kile kipengele kimoja cha faini: aliyesikia akalala ana kosa. Nguvu yote ya mwano imelala hapo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimewahi kupiga mwano usiokuwa na wa kuupokea. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ndani ya Hiace iliyopasuka tairi la nyuma na kupinduka kwenye barabara ya vumbi ya upande huuhuu wa ziwa. Nakumbuka kimya kilichofuata, kisha vumbi linalokataa kutua, kisha simu ya mtu fulani inaita chini ya kiti, inaita, inakatika, inaita tena. Konda alikuwa amelaliwa mguu na bodi ya gari. Nilikuwa na simu mkononi, mtandao upo, salio lipo, na sikujua nimpigie nani. Nikampigia kaka yangu aliyeko Mwanza. Yeye akampigia rafiki yake wa Geita. Rafiki akampigia askari anayemfahamu. Huku kwetu, watu waliokuwa wanalima mihogo ng'ambo ya barabara walikuwa wameshafika. Wakaliinua gari kwa mabega wakahesabu moja, mbili, tatu, konda akavutwa. Mama mmoja alimwaga ndoo yake yote ya maji juu ya majeraha yetu. Kisha ikapita Canter ya mkaa, ikatupakia juu ya magunia. Tangu tupinduke hadi majeruhi wa kwanza aguswe na mganga ilipita saa moja na nusu. Konda yu hai, lakini anachechemea mpaka leo.

Wakulima wale walitimiza wajibu wao wote. Kilichokosekana kilikuwa sikio moja linalojulikana na kila mtu, ambalo kazi yake ni kusikia na lenye gari la kutuma.

Sikio la namna hiyo lina tarehe ya kuzaliwa. Novemba 1935 nyumba ya daktari mmoja iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyeuona moto alipiga simu zimamoto, lakini simu za siku hizo zilipitia kwa opereta, na simu yake ikawekwa foleni pamoja na za watu waliotaka kusalimiana. Alikasirika akaliandikia barua gazeti la The Times. Tarehe 30 Juni 1937 London ikawa na namba 999: ukiizungusha, taa nyekundu inawaka na king'ora kinalia mbele ya waopereta, na anayeinua simu anajua hii haisubiri. Waingereza waliisambaza namba hiyo kwenye makoloni yao, na Kenya bado inaitumia. Wamarekani walipata 911 Februari 1968, kwa simu ya kwanza iliyopigwa katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Nchi za Ulaya zilikubaliana mwaka 1991 kuwa na namba moja, 112, ambayo hapa Tanzania ndiyo namba ya dharura ya polisi.

Kwa hiyo sikio lilitangulia. Gari lenyewe lilikuwa bado bubu. Ili lipige mwano ilibidi kwanza litambue kwamba limegonga, na utambuzi huo ulikuja kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa mifuko ya hewa.

Mwaka 1952 mhandisi wa Pennsylvania, John Hetrick, alikuwa matembezini na mkewe na binti yao mdogo. Alikwepa jiwe barabarani, gari likaingia mtaroni, na papo hapo yeye na mkewe wakanyoosha mikono kumkinga mtoto asijigonge kwenye dashibodi. Mtoto alipona. Baba alirudi nyumbani na swali: kwa nini pasiwe na kitu laini kinachojitokeza kabla ya mkono wa mzazi? Mwaka uliofuata alipata hataza ya mfuko unaojaa hewa gari linapogonga. Wazo lilikuwa zuri, ila nani angeuambia mfuko kwamba sasa ni sasa? Gari hutikisika kila mara, kwenye shimo, kwenye tuta, likifunga breki. Mfuko ukifumuka kwenye kila tuta utaua badala ya kuokoa.

Jibu lililonivutia kuliko yote lilitolewa na Mmarekani Allen Breed mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtu yeyote aliyewahi kuchezea gololi atalielewa. Chukua bomba fupi. Weka ndani yake mpira mdogo wa chuma, na nyuma yake sumaku inayoushika. Gari likipita kwenye shimo, mpira unatikisika lakini sumaku inaumudu. Gari likigonga ukuta, bodi inasimama ghafla, ila mpira haujui kama gari limesimama. Unaendelea na safari yake kama abiria asiyefunga mkanda. Unajing'oa kwenye sumaku, unateleza ndani ya bomba, unagusa vipande viwili vya chuma vilivyoko mbele, umeme unapita. Basi. Huo mguso ndio neno la kwanza ambalo gari lilijifunza kusema: nimegonga. Baadaye mpira ulibadilishwa kwa kijipande cha silikoni chenye vimkono vyembamba kuliko unywele, vinavyopinda gari linapopunguzwa mwendo kwa nguvu, na kontroli boksi inasoma kupinda huko na kukata shauri ndani ya elfu chache za sekunde. Mfuko unakuwa umejaa kabla jicho halijapepesa. Lakini kanuni ni ileile ya gololi.

Ukiwa na kitu kinachojua kwamba gari limegonga, kilichobaki ni kukipa mdomo na kukijulisha mahali kilipo. Mdomo ulikuja na simu za mkononi. Mahali palijulikana kwa setilaiti za GPS, mtandao wa jeshi la Marekani uliokamilika mwaka 1995. Raia walipewa usahihi wa kubabaisha wa takribani mita 100 mpaka Mei 2000, Marekani ilipoondoa kizuizi kile cha makusudi na makosa yakashuka hadi mita chache. Kwa barabara zetu tofauti hiyo si ndogo. Mita 100 inaweza kuwa upande wa pili wa korongo.

Kampuni ya General Motors iliunganisha vitu hivyo vitatu mwaka 1996 kwa huduma iliyoitwa OnStar, ikianzia kwenye magari ya kifahari ya Cadillac. Mfuko wa hewa ukifumuka, simu iliyofichwa ndani ya gari inampigia mhudumu wa kampuni, ambaye anaona gari liko wapi na anauliza kupitia spika kama kuna aliyeumia. Asipojibiwa, anawaita waokoaji wa eneo hilo. Ilikuwa huduma ya kulipia. Asiyelipa ada, gari lake linabaki bubu hata liwe na mitambo yote.

Wajapani hawakuchelewa. Mwaka 1999 iliundwa kampuni ya Japan Mayday Service, na mwaka 2000 huduma yake ya HELPNET ikaanza kupokea miito ya magari. Gari linaita kituo, kituo kinaona ramani na kuunganisha simu na 119, namba ya zimamoto na magari ya wagonjwa, au 110 ya polisi. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya magari madogo tunayoyaona barabarani hapa ni yale yaliyomaliza utumishi wake Japani, vitufe vya namna hiyo vimevuka bahari pamoja nayo. Nimeshaviona Mwanza na Kahama, na sasa nilikuwa nakitazama kimoja kwenye mwalo wa Nkome, nyuma yake ziwa na upande wa magharibi Rubondo inaanza kuingia kwenye ukungu.

Nilimweleza kijana nilichokuwa nakijua. Kitufe kiliundwa kuongea na minara ya Japani na kituo cha Japani, kwa mkataba wa mwenye gari wa kwanza. Hapa kinapiga kelele kwenye chumba kitupu. Tena hata huko kwao wenzake wengi wamenyamaza, kwa sababu Machi 2022 mtandao wa kizazi cha tatu uliobeba huduma za zamani za Toyota ulizimwa, na magari yaliyoutegemea yakapoteza sauti siku moja. Marekani nako hayo yalitokea mapema zaidi: mwanzoni mwa 2008 OnStar iliacha kutumia mtandao wa analojia, na magari mengi ambayo vyombo vyake havikuweza kubadilishwa yakawa mabubu. Chuma hudumu miaka 30, teknolojia ya simu hubadilika kila baada ya miaka 10. Sisi tunaopokea magari uzeeni mwake tunapata chuma bila sauti yake.

Kijana akakibonyeza tena, taratibu safari hii, kama mtu anayegusa kaburi.

Ulaya ndiko mambo haya yalikogeuka kutoka biashara kuwa haki ya kila mtu, na historia yake inafaa kusomwa kwa makini na yeyote anayepanga barabara zetu. Wazo la mfumo wa pamoja, ulioitwa eCall, lilianza kuzungumzwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2004 serikali na kampuni za magari zilianza kutia saini makubaliano ya hiari. Miaka ikapita. Watengenezaji walisema hawawezi kuweka kifaa kama nchi hazina vituo vya kukipokea. Nchi zikasema haziwezi kujenga vituo kama magari hayana kifaa. Kila mmoja alimsubiri mwenzake, na watu wakaendelea kufa mitaroni. Mwishowe hiari ikawekwa kando, sheria zikatungwa. Ya mwaka 2014 ilizitaka nchi wanachama ziwe na vituo tayari kufikia tarehe 1 Oktoba 2017. Ya mwaka 2015 ilitaka kila aina mpya ya gari dogo iwe na kifaa kuanzia tarehe 31 Machi 2018. Tazama mpangilio wa tarehe hizo: sikio lilitangulizwa miezi sita mbele ya mdomo. Mzee yeyote wa Sungusungu angewaunga mkono.

Namna eCall inavyofanya kazi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Ndani ya gari kuna kisanduku chenye laini yake ya simu, antena, maikrofoni, spika na betri ndogo ya akiba, kwa sababu betri kubwa iko mbele na mara nyingi ndiyo ya kwanza kupondeka. Siku zote kisanduku hicho kimelala. Hakimfuatilii mtu wala hakitoi habari za safari zake. Mfuko wa hewa unapofumuka, kontroli boksi inakiamsha, nacho kinapiga 112. Kabla ya mazungumzo kuanza kinatuma kifurushi kidogo cha taarifa: saa ya ajali, mahali, uelekeo gari lilikokuwa linakwenda, namba ya chasisi, aina ya mafuta, mikanda mingapi ilikuwa imefungwa, na kama mwito umejituma au umebonyezwa na mtu. Uelekeo ni muhimu kuliko unavyoonekana. Kwenye barabara kuu yenye ukuta katikati, gari la wagonjwa likiingia upande usio wake litalazimika kuzunguka kilomita nyingi.

Kifurushi chote hakizidi baiti 140. Hicho ndicho kipimo cha meseji moja ya kawaida, zile herufi 160 ambazo kila mvuvi wa Nkome ameshazituma kuulizia bei ya dagaa. Na hakipiti kwenye intaneti. Kinageuzwa kuwa milio, mfano wa mashine za faksi za zamani, kikapita ndani ya simu ileile ya sauti. Wahandisi walichagua hivyo kwa sababu simu ya dharura hupewa kipaumbele na mnara wowote ulio karibu, uwe wa kampuni yoyote ile, na haihitaji bando. Milio ikiisha, sauti inafunguka, na mhudumu anauliza: mnanisikia? Akijibiwa, anajua atume nini. Asipojibiwa, kimya chenyewe ni jibu, na gari la wagonjwa linaondoka. Tume ya Ulaya ilikadiria kuwa mfumo huo ungepunguza muda wa waokoaji kufika kwa asilimia 40 mijini na 50 vijijini. Urusi ilianzisha wa kwake, ERA-GLONASS, mwaka 2015, kwa kutumia setilaiti zake.

Siku hizi hata simu ya mfukoni inajaribu kazi hiyo. Google iliiweka kwenye Pixel 4 mwaka 2019 kwa baadhi ya nchi, Apple kwenye iPhone 14 mwaka 2022. Lakini Nkome mtu anasafiri kwa bodaboda akiwa na kitochi mfukoni, na bodaboda haina mfuko wa hewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa barabara ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi zenye magari yasiyo na sauti.

Kwa hiyo tusubiri? Hapana. Jambo ninalotaka msomaji wa ukanda huu alijue, na ambalo linanipa moyo kila nikilikumbuka, ni kwamba sikio limeshajengwa, tena lilijengwa hapahapa jirani.

Sengerema ni wilaya inayopakana na Geita. Hadi 2012 sote tulikuwa mkoa mmoja wa Mwanza. Kuanzia mwaka 2013, Vodafone Foundation na washirika wake walijaribu huko mpango wa kuwasafirisha wajawazito wenye dharura. Tatizo lilikuwa lilelile la Hiace yetu. Mama anatokwa damu usiku, gari la wagonjwa ni moja na limekwenda mbali, na hakuna anayejua ampigie nani. Mpango ule, ulioitwa m-mama, haukuanza kwa kununua magari mengi. Ulianza kwa namba ya bure na mtu wa kuipokea saa 24. Mhudumu anauliza maswali yaliyopangwa kwenye mfumo, anapima uzito wa dharura, anatafuta kituo cha afya kinachofaa. Gari la wagonjwa likiwepo linatumwa. Lisipokuwepo, anapigiwa dereva wa kawaida wa eneo hilo, mwenye gari lake, aliyeandikishwa na kufundishwa mapema. Akimfikisha mgonjwa na kituo kikathibitisha, malipo yake yanaingia kwenye simu kwa M-Pesa. Dereva hana sababu ya kuuliza mama ana nauli.

Kutoka Sengerema mpango ulipelekwa mkoa wa Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua Dodoma kwa nchi nzima. Namba ni 115. Waendeshaji wake wametaja upungufu wa asilimia 27 wa vifo vya wajawazito kwenye maeneo ya Kanda ya Ziwa ulikoanzia.

Mtazame yule dereva aliyeandikishwa: amesikia, na ana wajibu wa kutoka. Huyo ni mtu wa mwano, na faini imegeuzwa kuwa ujira. Mfumo ulijengwa kwa ajili ya wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga, na hao wasipunguziwe hata dakika moja. Lakini mguu wa konda wetu ulihitaji kitu kilekile. Dereva aliye tayari kumbeba mama saa nane za usiku kutoka kitongojini hadi Hospitali ya Wilaya pale Nzera anaweza kubeba na majeruhi, akiwa amefundishwa namna ya kuishika shingo na kuizuia damu. Kuna zimamoto na uokoaji kwenye 114, kuna polisi kwenye 112, kuna 115. Naamini tungezikutanisha namba hizo kwenye meza moja katika kila mkoa, tungekuwa tumefanya sehemu ngumu zaidi ya kazi iliyowachelewesha Wazungu miaka kumi na zaidi.

Na mdomo nao tunao nusu. Mabasi ya mikoani yana kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kilichoanza enzi za SUMATRA na sasa kinasimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti usafiri ardhini. Kifaa hicho kinajua basi liko wapi na linakwenda kasi gani, ndicho kinachomfichua dereva anayevuka kilomita 80 kwa saa. Kilibuniwa kudhibiti mwendo. Ila basi lililokuwa kwenye 78 likafika sifuri ndani ya sekunde moja, mahali pasipo na kituo, limekwisha kusema neno la gololi ya Breed. Neno hilo liunganishwe na chumba cha 115. Nina hakika vijana wetu wa programu wanaweza kuliandika.

Na miguu ya kukimbilia tunayo. Mei 2017, basi dogo la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia kwenye korongo la Marera, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Watoto 3 walipona, na miongoni mwa waliowafikia mapema walikuwamo wageni wa Kimarekani waliokuwa wanapita, wenye ujuzi wa tiba. Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi na makasia. 24 walitoka hai. Sisi ni watu wa kukimbilia. Hilo halijawahi kuwa tatizo letu.

Hata njia imefunguka. Majeruhi wa Geita aliyehitaji hospitali ya Bugando, Mwanza, alikuwa anasubiri kivuko pale Busisi, na kama kimetoka ng'ambo sasa hivi, damu haikusubiri naye. Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa. Dakika zile za kivuko zimerudishwa kwa mgonjwa.

Mtu wa sangara alifika giza likiingia. Boksi la barafu likapakiwa nyuma, tukageuza. Kabla ya Nzera kijana alikanyaga breki ghafla: katikati ya barabara kulikuwa na matawi mabichi, fungu moja, hatua kama kumi fungu jingine, kisha la tatu. Mbele yake lori lilikuwa limelala upande mmoja, tairi imetoka. Utingo alikuwa ameketi juu ya jiwe pembeni, panga mapajani, mikono bado ina utomvu.

"Kuna aliyeumia?" kijana akauliza kupitia dirishani.

"Hatujambo. Dereva kaenda kutafuta jeki. Mkikutana naye mwambieni taa zimezima kabisa, aje na tochi."

Kijana akashuka, akafungua buti, akampa tochi yake.